Jiwe Moja, Maandishi Mawili: Magara ya Mwaka 1871 na Suala la Kumsoma Mtu kwa Anachokichapisha

Ikisiri

Makala haya yanajadili swali ambalo zama za mitandao ya kijamii zimelifanya kuwa la kila siku: je, anachokichapisha mtu kinatuonesha hulka yake? Swali hilo linachunguzwa kwa njia ya historia, kupitia safari moja iliyopita katika ufuo wa Rumonge na Magara mwezi Novemba 1871, ambapo wasafiri wawili waliokaa katika mtumbwi mmoja waliandika juu ya siku zile zile kwa namna mbili tofauti. Hoja kuu ni kwamba andiko la hadharani hutufunulia kwanza msomaji aliyekusudiwa na mwandishi. Hulka ya mwandishi hujitokeza baadaye, katika tofauti baina ya matoleo ya andiko na katika mazoea madogo yanayorudiwa kwa muda mrefu. Makala yanahitimisha kwamba kumhukumu mtu kwa chapisho moja ni kosa lile lile walilolifanya wasafiri wa karne ya 19 walipowahukumu wakazi wa ufuo mzima kwa jiwe moja lililorushwa.

Maneno ya msingi: hulka, machapisho, mitandao ya kijamii, Magara, Rumonge, Ziwa Tanganyika, shajara.

1.0 Utangulizi

Katika ufuo wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Bujumbura kupitia Magara na Rumonge hadi Nyanza-Lac, mvuvi, mchuuzi wa dagaa, mwalimu na mwanafunzi leo wanaandika hadharani. Wanaandika kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, aghalabu katika sentensi moja. Wanaandika katika kurasa za Facebook, katika vikundi vya WhatsApp vya ukoo na vya biashara, na katika ule ujumbe unaodumu kwa saa 24 ambao wengi huuita stetasi. Kwa kuwa wanaandika, wanasomwa. Mwajiri hufungua ukurasa wa mwombaji kazi kabla ya kumwita. Wazazi wa kijana hupitia picha za binti anayetaka kuposwa. Jirani huhesabu nani ameandika pole na nani amekaa kimya. Kila mmoja wao hutoa hukumu: huyu ni mwenye majivuno, yule ni mpole, huyu ana chuki moyoni.

Kabla ya kuendelea ni vyema kutenganisha dhana mbili. Katika makala haya, tabia ni mwenendo unaoonekana: anachosema mtu, anachovaa, anachoandika. Hulka ni mwelekeo wa ndani unaodumu, ule unaomfanya mtu atende hivi leo na atende karibu hivyo hivyo mwakani. Chapisho ni tabia. Kuvuka kutoka tabia hadi hulka ni hatua ya hoja, na kila hatua ya hoja inadai ushahidi.

Wanasaikolojia wamelishughulikia suala hili kwa muda mfupi. Wanahistoria wamelishughulikia kwa muda mrefu zaidi, kwani kazi yao ya kila siku ni kuwajua watu wasiowahi kuonana nao, kwa maandishi yaliyobaki. Barua, shajara na vitabu vya safari ndivyo vilivyokuwa machapisho ya zama hizo. Makala haya yanachukua mfano mmoja kutoka ufuo wenyewe, yanaupima kwa maswali ambayo mwanahistoria huyauliza, kisha yanarudi kwenye simu ya mkononi.

2.0 Masimulizi Mawili ya Safari Moja

Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alimkuta David Livingstone Ujiji mwaka 1871. Hata tarehe ya kukutana kwao ina matoleo mawili: kitabu cha Stanley kinataja tarehe 10 Novemba, ilhali hesabu ya Livingstone, ambaye alikuwa amepotewa na mpangilio wa siku, inaangukia wiki za mwisho za Oktoba. Baada ya siku chache waliamua kwenda kaskazini mwa ziwa ili kulimaliza swali lililokuwa limewagawanya wanajiografia tangu safari ya Richard Burton na John Speke ya mwaka 1858: je, mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka? Jibu walilolipata ni kwamba unaingia. Safari hiyo ilianza tarehe 16 Novemba na kuisha tarehe 13 Desemba, siku 28 kwa jumla. Mtumbwi uliazimwa kwa mfanyabiashara wa Ujiji, Said bin Majid. Ndani yake mlikuwamo wapiga makasia 16, mpishi, mkalimani na waongozaji wawili wenyeji wa Ujiji.

Njia yao ilifuata ufuo wa mashariki, yaani ufuo wa Warundi. Stanley aliisimulia safari hiyo katika kitabu How I Found Livingstone, kilichotoka London mwaka 1872, miezi michache tu baada ya yeye kurudi Ulaya. Livingstone aliiandika katika shajara yake, ambayo ilichapishwa mwaka 1874 baada ya kifo chake, chini ya uhariri wa rafiki yake Horace Waller. Kwa hiyo tunayo matoleo mawili ya siku zile zile kutoka kwa watu wawili waliokaa katika chombo kimoja.

Katika sehemu ya ufuo wa Rumonge ya leo, wakazi waliwaita wasafiri watue nchi kavu ili watoe hongo. Msomaji wa leo asiteleze hapa: hongo katika Kiswahili cha njia za misafara haikuwa rushwa. Ilikuwa ushuru wa kupita katika nchi ya mtu, haki iliyotambuliwa na pande zote mbili, ingawa kiasi chake kilibishaniwa kila siku. Wasafiri hawakutua. Wakazi wakarusha mawe.

Livingstone anaandika kwamba jiwe moja, ambalo alidhani lilirushwa kwa kombeo, lilianguka karibu na mtumbwi. Stanley anaandika kwamba jiwe lilipita umbali wa futi moja kutoka mkono wake. Katika andiko la kwanza, jiwe linapimwa kwa umbali wake na chombo kilichowabeba wote. Katika andiko la pili linapimwa kwa umbali wake na mwili wa msimuliaji. Stanley anaongeza kwamba alipendekeza risasi ipigwe karibu na miguu ya warushaji, na kwamba Livingstone hakusema neno lakini uso wake ulionesha kuwa hakupendezwa. Livingstone mwenyewe hakuliandika jambo hilo. Jambo linaloonekana kumsifu zaidi katika tukio zima tunalipata kwa kalamu ya mtu mwingine.

Wakapita maingilio ya mto Murembwe, ambako mafunjo na miiba viliwakinga. Usiku walitua chini ya mwamba, wakatembelewa na makundi ya watu waliouliza maswali mengi, wakaingiwa na shaka, wakaondoka kimya kimya gizani. Asubuhi wakafika mahali ambapo wote wawili wanapaita Magala, yaani Magara. Stanley anatoa hesabu kamili: saa 18 za kupiga makasia, maili mbili na nusu kwa saa, jumla maili 45. Kisha anamsifu mutware wa Magara kuwa ni mkarimu. Livingstone anataja saa tano za mwendo baada ya kuuacha mwamba, analala, anafika Magara, na kuandika kwa ufupi kuwa watu wa hapo ni waungwana na kwamba kiongozi wa jirani, Mukamba, yuko vitani. Sentensi imeisha, Magara imepita.

Ni rahisi kutoa hukumu hapa. Stanley ni mtu wa kujikweza, apendaye hatari na tarakimu. Livingstone ni mtulivu, mwenye kujisahau. Wasomaji wengi wa karne ya 19 walihukumu hivyo, na huenda hukumu hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumesoma kama jirani asomavyo stetasi. Mwanahistoria hana budi kuuliza maswali matatu zaidi: aliandika kwa ajili ya nani? Alifuta nini? Na ni nani aliyekuwepo lakini hakuandika?

3.0 Aliandika kwa Ajili ya Nani?

Stanley alikuwa ametumwa na gazeti lililolipa gharama zote za msafara. Msomaji wake alinunua nakala ili apate msisimko, na jiwe lililoanguka karibu na mtumbwi halina msisimko wa jiwe lililokaribia mkono. Livingstone naye hakujiandikia peke yake. Shajara hiyo ilikuwa mali ghafi ya kitabu alichotarajia kukiandika, kama alivyofanya baada ya safari zake za awali. Msomaji wake alikuwa mwanajiografia na mfadhili wa harakati za kupinga biashara ya utumwa, mtu anayethamini majina ya mito na kutia mashaka porojo. Utulivu wa Livingstone kwa sehemu fulani ni utulivu wa aina ya andiko.

Ushahidi wa jambo hili uko katika tukio lililofuata. Mwezi Novemba 1871, akiwa Ujiji, Livingstone aliandika barua ya shukrani kwa James Gordon Bennett, mwenye New York Herald, akijua itachapishwa. Aliiandika kwa mzaha na uchangamfu, kwa mtindo aliodhani utawapendeza wasomaji wa Marekani. Ilipotoka mwaka 1872, baadhi ya watu Uingereza walikataa kwamba ni yake. Walidai kwamba mtu waliyemjua kwa vitabu vyake hawezi kuandika vile, hivyo bila shaka Stanley ameighushi. Ilibidi mwanawe Livingstone, Tom, athibitishe kwa maandishi mnamo Agosti 1872 kwamba shajara na barua zilizoletwa ni za baba yake.

Tukio hili lina uzito mkubwa kwa mada yetu. Wasomaji hao hawakuwa wajinga, na walikuwa wamemsoma Livingstone kwa miaka kumi na tano. Walijenga sura ya hulka yake kutokana na machapisho yake, kisha wakaitumia sura hiyo kuyakataa machapisho yake mengine ya kweli. Walichokosea ni kuidhania sauti ya mtu mbele ya hadhira moja kuwa ndiyo hulka yake yote.

Ufuo huu una mfano mwingine wa andiko lenye msomaji aliyewekwa tangu mwanzo. Mwaka 1879 Wamisionari wa Afrika, maarufu kwa jina la White Fathers, walifungua kituo Rumonge. Askofu Mkuu Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, aliagiza kila kituo kiandike shajara ya kila siku, na habari za vituo zilisomwa na wakubwa na wafadhili huko ng'ambo. Tarehe 4 Mei 1881 watatu kati ya wakazi wa kituo hicho, mapadre Deniaud na Augier pamoja na msaidizi wao d'Hoop, waliuawa katika mgogoro na wenyeji. Anayetafuta hulka ya watu hao katika maandishi ya kimisionari lazima akumbuke kwamba kila ukurasa uliandikwa na mtu aliyejua kwamba mkubwa wake atausoma. Unyenyekevu katika ukurasa wa namna hiyo unaweza kuwa wa kweli. Unaweza pia kuwa adabu ya kazi.

Waswahili hawahitaji kufundishwa jambo hili na nyaraka za kigeni. Kanga imelifundisha kwa zaidi ya karne moja. Mwanamke anapovaa kanga yenye jina la kijembe, watu wa mtaa hawaulizi kwanza kama mvaaji ana hulka ya ugomvi. Wanauliza: kamvalia nani? Rose Marie Beck, katika utafiti wake wa mwaka 2001 kuhusu mawasiliano ya kanga, alionesha kwamba nguvu ya chombo hiki imo katika utata wake: mvaaji anaweza kusema na wakati huo huo akakana kuwa amesema. Stetasi ya leo imerithi kazi hiyo kikamilifu. Methali inayowekwa usiku na kufutika baada ya saa 24 ina mlengwa mmoja anayejua kuwa ni yeye, na watazamaji mia wasiojua lolote. Msomaji anayeiondoa methali hiyo katika uhusiano ulioizaa, kisha akaifanya cheti cha hulka, amesoma nguo na kumwacha mvaaji.

4.0 Alifuta Nini?

Swali la pili linahusu tofauti baina ya rasimu na nakala safi. Miezi minne kabla ya kufika Magara, Livingstone alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba katika Kongo ya leo. Tarehe 15 Julai 1871 alishuhudia wafanyabiashara wa pembe na watumwa wakiwafyatulia risasi watu waliokuwa sokoni, wengi wao wanawake. Wakati huo karatasi zilikuwa zimemwishia. Aliandika juu ya kurasa za gazeti la zamani, kwa wino uliotengenezwa kwa mmea wa huko, na baada ya muda maandishi yakafifia hata yasisomeke. Baadaye aliinakili habari hiyo kwa utaratibu katika shajara kubwa, na nakala hiyo ndiyo iliyojulikana duniani.

Mwaka 2011 timu iliyoongozwa na Adrian Wisnicki ilichapisha maandishi ya awali baada ya kuyapiga picha kwa mianga ya aina mbalimbali ili kuutenganisha wino wa Livingstone na chapa ya gazeti. Ulinganisho ulionesha kuwa nakala safi si sawa na rasimu. Baadhi ya mambo yaliyohusu mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe yalikuwa yamelainishwa au kuachwa. Mtu aliyesifiwa kwa kutojipamba naye alikuwa amehariri.

Stanley alihariri kwa njia kali zaidi. Salamu mashuhuri anayodai kuitoa Ujiji imerudiwa duniani kote, lakini kurasa za shajara yake zinazohusu kukutana huko zimechanwa. Mwandishi wa wasifu wake, Tim Jeal, katika kitabu cha mwaka 2007, alitoa hoja kwamba huenda salamu hiyo ilibuniwa baadaye. Uhariri huu haukuanza Ujiji. Stanley alizaliwa Wales mwaka 1841 kwa jina la John Rowlands, akalelewa katika nyumba ya maskini, na kwa miaka mingi alijitambulisha kama Mmarekani. Alianza na kuhariri jina lake, ndipo akahariri safari zake.

Hapa hulka inaanza kuonekana. Haionekani katika sentensi ya Stanley kuhusu jiwe, wala katika utulivu wa Livingstone kuhusu Magara. Inaonekana katika mwelekeo wa masahihisho. Kila mara Stanley anaposahihisha, mtu aliyekataliwa utotoni anapata heshima zaidi. Livingstone, katika masahihisho yale ya habari za Nyangwe, anaikinga kazi aliyoitolea maisha yake isichafuliwe na watu aliolazimika kuwategemea. Mwelekeo huo hauonekani kwa aliye na toleo moja tu. Unahitaji mawili au zaidi, na kipindi kirefu baina yao.

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii inamtilia shaka kila anayejionesha, na kwa Stanley inaelekea kufaa. Hata hivyo, ushahidi wa Nyangwe unatutaka tuwe waangalifu: asiyejitembeza naye ana anachokificha. Kutojionesha ni namna mojawapo ya kujionesha, hasa mbele ya hadhira inayopenda unyenyekevu.

5.0 Nani Hakuandika?

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote. Katika mtumbwi ule walikuwamo zaidi ya watu ishirini, na waandishi walikuwa wawili. Waliopiga makasia kwa saa ambazo Stanley anazihesabu kwa fahari walikuwa 16, na hakuna hata mmoja aliyetuachia neno juu ya jiwe lile. Mutware wa Magara, aliyesifiwa kwa ukarimu, hakuacha neno juu ya wageni wake. Je, aliwaona kuwa waungwana? Alicheka walipoondoka? Hulka yake imebaki katika kivumishi kimoja cha mtu aliyepita.

Waliorusha mawe nao wamebaki na sifa moja, ukali. Tukiyasoma matukio kwa upana, tendo lao lina maana nyingine inayowezekana. Mtumbwi ulitoka Ujiji, soko la pembe na watumwa, na ulikuwa mali ya mfanyabiashara wa Ujiji. Ulikuwa na watu wenye bunduki, na ulikwepa kulipa hongo. Kwa mtu aliyesimama ufukoni, dalili zote hizo zilikuwa za hatari. Miaka iliyofuata ilithibitisha kwamba hofu ya aina hiyo haikuwa ya bure. Katika miaka ya 1880, Muhammad bin Khalfan al-Barwani, akiwa na makao Ujiji, alipeleka mashambulizi katika ufuo wa Burundi. Livingstone, aliyetoka kuona mauaji ya Nyangwe, alikuwa na kila sababu ya kuelewa kwa nini watu wanaoishi kando ya maji humwogopa mgeni mwenye bunduki. Katika mistari yake kuhusu ufuo huu hakuunganisha mambo hayo mawili.

Al-Barwani mwenyewe ni mfano wa kinyume. Anajulikana zaidi kwa lakabu ya Rumaliza, inayohusishwa na kitenzi kumaliza, na habari zake nyingi zimetufikia kupitia maadui na washindani wake. Hatuna kitabu alichokitunga mwenyewe, kama kile ambacho mshirika wake Tippu Tip alikiandika kwa Kiswahili kuhusu maisha yake na kikachapishwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa sababu hiyo Tippu Tip anaonekana kwetu kama mtu kamili, mwenye hila, mzaha na majuto ya kibiashara, ilhali Rumaliza anaonekana kama jina la kutisha. Tofauti hiyo huenda haikuwa ya hulka. Yawezekana ni tofauti ya nani aliandika na nani aliandikwa.

6.0 Machapisho ya Leo

Utafiti wa kisaikolojia unatoa picha yenye matumaini zaidi, na ni haki kuieleza bila kuipunguza. Mitja Back na wenzake walionesha mwaka 2010, kwa kuchunguza kurasa za watumiaji 236 wa Marekani na Ujerumani, kwamba wageni waliotazama kurasa hizo walikadiria hulka halisi ya wenyewe kuliko hulka ambayo wenyewe walitamani kuwa nayo. Mwaka 2015 Wu Youyou, Michal Kosinski na David Stillwell walichapisha utafiti uliohusisha zaidi ya watu 86,000 waliojaza dodoso la hulka. Programu ya kompyuta iliyotumia alama za kupenda ilihitaji alama 10 tu ili kumshinda mfanyakazi mwenza katika kukisia hulka ya mtu, 70 kumshinda rafiki, 150 kumshinda ndugu, na 300 hivi kumshinda mwenzi wa ndoa.

Je, matokeo haya yanaipinga hoja ya makala haya? Kinyume chake, yanaiunga mkono. Programu hiyo haikusoma chapisho moja la kujitangaza. Ilikusanya matendo madogo mengi ambayo mtu huyafanya bila kujipanga mbele ya hadhira. Alama moja ya kupenda haina maana, bali mia tatu zina mwelekeo. Ndivyo ilivyo kwa shajara: mistari ya kila siku kuhusu mvua, bei ya shanga na ugonjwa wa mchukuzi humfunua msafiri kuliko ukurasa mmoja wa tukio kubwa.

Hata hivyo, kuyahamishia matokeo hayo ufukoni kwetu kunahitaji tahadhari. Waliochunguzwa walijitolea, na walikuwa watu wa lugha na mazingira mengine. Huku kwetu simu moja inaweza kutumiwa na watu kadhaa wa nyumba moja. Sentensi inayoanza kwa Kirundi na kuisha kwa Kiswahili haina nafasi katika vipimo vilivyotengenezwa kwa Kiingereza. Zaidi ya hayo, hadhira ya hapa ina historia yake.

Historia hiyo haiwezi kuachwa nje ya mjadala. Rumonge na Nyanza-Lac ndiko yalikoanzia machafuko ya tarehe 29 Aprili 1972, ambayo yalifuatwa na mauaji makubwa nchini kote. Watu walikamatwa kwa kuwa majina yao yamo katika orodha, na hukumu ilitolewa kwa alama: shule aliyosoma mtu, kazi aliyoifanya, mahali alikotoka. Maelfu walivuka kwenda Tanzania na kuishi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Leo vikundi vya WhatsApp vinawaunganisha wajukuu wa waliobaki na wajukuu wa waliovuka. Kisha mwaka 2015, katika mgogoro wa kisiasa, huduma za mitandao kwenye simu zilizuiwa mwishoni mwa Aprili, na katikati ya Mei vituo kadhaa vya redio binafsi vilishambuliwa na kunyamazishwa. Habari, tetesi na kauli za watu binafsi zilipita kwa wingi katika simu.

Katika mazingira kama hayo, aliyekaa kimya kikundini si lazima awe mtu baridi asiyejali. Huenda ana kumbukumbu. Aliyeandika pole kwa upande mmoja tu si lazima awe na chuki; huenda ni habari hiyo pekee iliyomfikia. Aliyeweka picha ya kicheko siku ya msiba huenda aliiweka kwa ajili ya nduguye aliye Kigoma, asiyejua bado. Mtu wa ufuo huu anaposoma ukurasa wa mwenziwe na kusema sasa nimemjua, anashika chombo ambacho katika nchi hii kimewahi kukata vibaya.

7.0 Hitimisho

Makala haya yalianza na jiwe moja lililoanguka majini mwezi Novemba 1871. Msafiri mmoja alilipima kwa mtumbwi, mwingine kwa mkono wake, na hakuna kati yao aliyeuliza kwa nini lilirushwa. Kutokana na jiwe hilo wakazi wa sehemu moja ya ufuo walipata sifa ya ukali, na kutokana na mapokezi ya siku moja wakazi wa Magara wakapata sifa ya uungwana. Hukumu zote mbili zilichapishwa London na kusomwa kama maarifa.

Jibu la swali letu, basi, ni ndiyo yenye masharti. Maandishi ya mtu yanaweza kutuonesha hulka yake, mradi tunayo mengi, ya nyakati mbalimbali, mbele ya hadhira mbalimbali, na mradi tunaweza kuona alichokifuta. Chini ya hapo tunachokiona ni tabia ya siku moja. Walimu wa historia na wa Kiswahili katika shule za ufuo huu wanaweza kuyageuza masharti hayo kuwa zoezi la darasani: mwanafunzi apewe kurasa mbili za safari moja, aulize ziliandikwa kwa ajili ya nani, nini kilifutwa, na nani hakuandika, kisha ayaulize maswali hayo hayo juu ya ujumbe uliomkasirisha jana.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mutware wa Magara aliwapokea wageni ambao hakuwa amesoma neno lao hata moja. Aliwatazama wakitua, akawapa nafasi, akangoja kuona watakavyotenda. Katika safari yote ile, yeye ndiye aliyetumia njia bora ya kumjua mtu.